Upozaji wa baraza kwa ukungu wa maji: Yanayopaswa kupimwa Saza kabla ya kununua mfumo

Na Mwandishi Wetu, Songwe

MKOA wa Songwe una hali ya hewa ya namna mbili. Mkazi wa Tunduma au Vwawa huweza kuvaa koti asubuhi ya Julai, wakati mwenzake wa Kata ya Saza, Wilaya ya Songwe, katika uwanda unaoteremka kuelekea Ziwa Rukwa, anatafuta kivuli kabla ya saa tano. Joto hilo huwa kali zaidi kati ya Septemba na katikati ya Novemba, kipindi ambacho ardhi imekauka, miti mingi imepukutisha majani na mvua za msimu bado hazijaanza.

Saza ni eneo la dhahabu tangu enzi za ukoloni, na shughuli za uchimbaji zimevuta biashara za chakula, vinywaji na nyumba za wageni. Nyingi huhudumia wateja barazani au katika mabanda ya wazi, mahali ambapo kiyoyozi hakina maana kwa kuwa hakuna kuta za kuzuia ubaridi usitoke. Ndiyo sababu mfumo wa kunyunyiza ukungu wa maji huonekana kuwa jibu: bomba jembamba hupitishwa pembezoni mwa paa, nozeli ndogo hufungwa kila baada ya hatua moja, na maji hutoka yakiwa chembe laini zinazopoza hewa. Makala haya yanaeleza namna ya kujua kama mfumo huo unafaa, aina zake, na tahadhari ambazo kwa Saza ni nzito kuliko kwingineko.

Kanuni inayotumika haina ugeni. Ni ileile inayofanya maji ya mtungini yawe baridi kuliko ya ndoo ya plastiki. Maji hupenya kwenye udongo, hugeuka mvuke nje ya mtungi, na katika kugeuka huko huchukua joto. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke yote huondoa joto linalolingana na karibu theluthi mbili ya uniti moja ya umeme. Ukungu hufanya kazi hiyo angani badala ya kwenye udongo, na kadiri chembe zinavyokuwa ndogo ndivyo zinavyokauka haraka kabla ya kumfikia mtu.

Lakini hewa ina kiwango chake cha kupokea mvuke. Chukua mchana wenye nyuzi joto 34. Unyevu wa hewa ukiwa asilimia 25, maji yanaweza kinadharia kuishusha hewa hiyo hadi karibu nyuzi 20. Unyevu ukiwa asilimia 70, hata mfumo wa gharama kubwa namna gani hauwezi kuvuka nyuzi 29. Ndiyo maana milingoti ya ukungu huwasaidia mahujaji katika viwanja vya Arafa, nchi kavu ya Saudi Arabia, ilhali mfumo kama huo ukifungwa ufukweni Dar es Salaam mwezi Februari huishia kulowesha mashati ya wateja. Hata ndani ya Oman, kinachofanya kazi Nizwa, bara penye ukavu, hakitoi matokeo hayo Muscat pwani wakati hewa ya bahari imejaa unyevu.

Kwa eneo la wazi, upepo huingiza hewa mpya ya moto kila dakika, hivyo mnunuzi asitegemee pengo lote hilo. Nusu yake ni matokeo mazuri, na mara nyingi hupatikana pungufu. Muuzaji anayeahidi kushusha nyuzi 15 barazani atakuwa anasoma karatasi ya kiwandani.

Mwananchi anaweza kupima mwenyewe kabla ya kutumia hata shilingi moja. Zinahitajika vipimajoto viwili vya kawaida. Kimoja kiachwe kikavu kivulini. Cha pili ncha yake ifungwe kitambaa cha pamba kilicholowa maji, kisha vyote vipepewe kwa dakika tano. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo pengo ambalo ukungu unaweza kulitumia. Kipimo kifanyike saa nane mchana, na kirudiwe kwa siku kadhaa za Septemba, Oktoba na Desemba. Pengo likiwa nyuzi 10 au zaidi, mfumo una kazi ya kufanya. Likiwa chini ya 5, fedha hizo zinunue feni. Wakazi wengi wa uwanda wa Rukwa watakuta kwamba majibu ya Oktoba na ya Desemba hayafanani hata kidogo, kwa sababu mvua za msimu, ambazo kwa kawaida hunyesha kati ya Novemba na Aprili, hujaza hewa unyevu. Mwenye biashara basi apige hesabu akijua kwamba mfumo utamlipa kwa takriban miezi mitatu ya mwaka, hasa kama anakusudia kuununua kwa mkopo.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulipuuza. Mtu aliyekaa chini ya bati tupu haunguzwi na hewa pekee. Anapigwa pia na joto linaloshuka kutoka kwenye bati lenyewe, na ukungu hauzuii joto hilo. Paa la nyasi, dari ya mkeka chini ya bati, au mwembe mmoja uliokomaa upande wa magharibi hufanya kazi ambayo pampu haiwezi. Kwa maoni ya makala haya, mwenye baraza la bati lisilo na dari hapaswi kuulizia bei ya nozeli kabla hajaweka dari.

Baada ya hapo ndipo huja suala la aina. Mfumo wa msukumo mdogo hutumia maji ya bomba yenye baa 3 hadi 4. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa takriban baa 2, kwa hiyo msomaji anaweza kukadiria nguvu hiyo. Hapa ndipo wengi hukosea: simtanki lililo juu ya mnara wa meta 4 hutoa baa 0.4 tu, kwa kuwa kila meta 10 za kimo huleta baa moja. Nozeli zikifungwa moja kwa moja kwenye tangi hilo zitadondosha matone, si ukungu. Pampu ndogo haiepukiki. Hata zikipata msukumo wake, chembe za mfumo huu ni kubwa na hulowesha meza, hivyo unafaa zaidi pembezoni mwa baraza kuliko juu ya viti.

Mfumo wa msukumo mkubwa hufanya kazi kwa takriban baa 70. Huo ndio hutoa ukungu mwembamba unaotoweka kabla ya kufika chini. Unahitaji pampu maalumu, umeme usioyumba, na mabomba ya chuma kisichoshika kutu au nailoni nene yaliyotengenezwa kwa msukumo huo. Mabomba ya plastiki yanayotumika kuunganisha maji majumbani hayahimili. Yakipasuka yanaweza kumjeruhi aliye karibu. Nozeli ziwekwe meta 2.5 hadi 3 kutoka sakafuni, upande unakotokea upepo, mbali na swichi, soketi na sufuria za chakula. Sakafu ya saruji iliyopigwa nili huteleza ikilowa, na madimbwi chini ya bomba ni mazalia ya mbu.

Suala la maji ndilo zito zaidi. Nozeli moja ya kawaida hutumia takriban lita 5 kwa saa. Baraza lenye nozeli 12 zikiwashwa saa sita litatumia lita 360, yaani ndoo 18 za lita 20. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ililenga mkazi wa kijijini apate lita 25 kwa siku ndani ya meta 400, hivyo baraza hilo moja litakuwa limekunywa mgawo wa watu 14, tena katika miezi ambayo visima vimeshuka. Kifaa cha kuwasha na kuzima, kinachoachia ukungu kwa sekunde 10 na kupumzika 20, hupunguza matumizi hadi lita 120, na hewa kavu hupata nafasi ya kuyameza maji yaliyotangulia. Katika mazingira ya Saza kifaa hicho kihesabiwe kuwa sehemu ya lazima ya mfumo.

Pampu isiunganishwe moja kwa moja kwenye bomba la mradi wa kijiji. Ikivuta kwa nguvu hunyima majirani maji na inaweza kufyonza uchafu kupitia nyufa za bomba. Maji yaingie kwanza kwenye tangi la mteja, naye akitoe taarifa kwa chombo cha watoa huduma ya maji ngazi ya jamii kinachosimamiwa na RUWASA ili ajue bei na ratiba ya matumizi ya kibiashara. Anayekusudia kuchimba kisima kwa ajili ya biashara awasiliane na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa, kwa kuwa Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imeweka utaratibu wa vibali.

Ubora wa maji hayo hauna mjadala, kwa sababu ukungu haunywewi, unavutwa mapafuni. Maji yaliyotuama mashimoni, yaliyotoka mialoni au yaliyo jirani na mitambo ya kuchenjulia dhahabu yasitumike kabisa, hata yakionekana meupe. Yanaweza kuwa na zebaki, sianidi au madini mengine, na chujio la mchanga au kuchemsha hakuondoi zebaki. Vilevile ukungu haufui hewa: mahali dhahabu inapochomwa ili kutenganishwa na zebaki hapafai kuwa na baraza la chakula, liwe na ukungu au lisiwe nao. Kisima chochote kilicho karibu na machimbo kipimwe kwanza katika maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji.

Hata maji safi huharibika yakikaa. Bakteria aina ya Legionella, wanaosababisha homa kali ya mapafu, hustawi katika maji yaliyotuama yenye nyuzi joto 25 hadi 45, hali inayopatikana kirahisi ndani ya simtanki jeusi lililo juani. Mwaka 1989, katika mji wa Bogalusa, jimbo la Louisiana nchini Marekani, mlipuko wa ugonjwa huo ulihusishwa na mashine iliyokuwa ikinyunyizia mboga ukungu dukani. Wateja walikuwa wamepita tu kununua mahitaji yao. Walio hatarini zaidi ni wazee, wavutaji wa sigara na wenye mapafu dhaifu, wakiwemo wachimbaji waliokwisha kudhurika na vumbi la mawe. Tangi liwe kivulini na lifunikwe, mabomba yamwagwe maji kila jioni, na mfumo wote usafishwe kwa klorini kila wiki, ukiachwa utoe maji masafi kabla wateja hawajaketi.

Maji yenye chokaa nyingi huziba tundu la nozeli, ambalo ni dogo kuliko ncha ya sindano. Chujio la mikroni 5 kabla ya pampu hupunguza tatizo la mchanga, lakini chokaa iliyoyeyuka hupita. Nozeli zilizoziba hulazwa usiku kucha ndani ya siki, kisha husuuzwa. Mvua za msimu zinapoanza, nozeli zifunguliwe, zikaushwe na kuhifadhiwa, mabomba yaachwe matupu, na kabla ya kuwasha tena msimu unaofuata klorini ipitishwe upya na chujio libadilishwe.