Kutatua Matatizo ya Hifadhidata Pachikwa: SQLite

Baada ya kusoma sehemu hii utaweza:
(a) kueleza maana ya hifadhidata pachikwa;
(b) kutambua chanzo cha hitilafu kwa kusoma ujumbe wa kompyuta;
(c) kurekebisha hitilafu bila kupoteza data;
(d) kugundua makosa ambayo kompyuta haikuonyi.

1. Hifadhidata pachikwa ni nini?

Hifadhidata pachikwa haina seva inayojitegemea. Programu inayoitumia ndiyo inayosoma na kuandika data moja kwa moja kwenye faili. Hapo ndipo inapotofautiana na hifadhidata kama MySQL, ambayo lazima seva yake iwe inafanya kazi kwanza ndipo programu iombe data.

Mfano unaojulikana zaidi ni SQLite. Ilitolewa mwaka 2000 na Mmarekani D. Richard Hipp. Wakati huo alikuwa akishughulikia programu ya manowari ya jeshi la majini la Marekani, na seva ya hifadhidata ilipozimika, programu nayo ilikwama. Akatengeneza hifadhidata isiyohitaji seva. Leo simu za Android hutumia SQLite kuhifadhi majina ya watu na ujumbe mfupi, kwa hiyo huenda unaitumia kila siku bila kujua.

Shika jambo hili, maana yote yanayofuata yanalitegemea: hifadhidata ya SQLite ni faili. Majedwali yote hukaa ndani ya faili moja, kwa mfano maktaba.db. Kwa hiyo hitilafu zake nyingi ni hitilafu za faili. Ukikwama, jiulize maswali manne kwa mpangilio huu:

1. Faili liko wapi?
2. Nani amelishika?
3. Je, ninaruhusiwa kuliandika?
4. Je, faili ni zima?

2. Hitilafu zinazotoa ujumbe

Faili liko wapi? Ujumbe: *no such table*, yaani jedwali halipo. Jana uliunda jedwali la vitabu, leo kompyuta inasema halipo. Usiliunde upya! Mara nyingi umefungua faili jingine. SQLite isipolikuta faili ulilolitaja, kwa kawaida huunda jipya, tupu, lenye jina hilohilo katika folda uliyopo. Angalia ukubwa wa faili. Likiwa na baiti 0, hilo si lako. Tafuta faili halisi, kisha andika mahali lilipo kwa ukamilifu, kuanzia herufi ya diski hadi jina la faili.

Nani amelishika? Ujumbe: *database is locked*, yaani hifadhidata imefungwa. SQLite huruhusu wasomaji wengi kwa wakati mmoja, lakini mwandishi mmoja tu. Pengine umefungua maktaba.db katika programu ya kutazamia majedwali, ukabadilisha rekodi moja na hukuhifadhi. Muamala huo bado uko wazi, hivyo programu yako ya pili haiwezi kuandika. Hifadhi au tangua mabadiliko hayo, kisha funga programu usiyoihitaji. Ikiwa programu mbili lazima zifanye kazi pamoja, iambie SQLite isubiri kabla ya kukata tamaa:

PRAGMA busy_timeout = 5000;

Namba hiyo ni milisekunde, yaani sekunde 5.

Je, ninaruhusiwa kuliandika? Ujumbe: *attempt to write a readonly database*, yaani umejaribu kuandika kwenye hifadhidata ya kusoma tu. Huenda faili liko kwenye CD au kwenye folda ambayo huna ruhusa ya kuiandika. Kumbuka kuwa ruhusa ya faili peke yake haitoshi. SQLite inahitaji pia kuandika faili la muda ndani ya folda hiyohiyo. Hamishia kazi kwenye folda yako.

Je, faili ni zima? Ujumbe: *database disk image is malformed*, yaani faili limeharibika. Hapa ndipo watahiniwa wengi huogopa na kuzidisha uharibifu.

Mwanafunzi wangu mmoja alikuwa akiingiza rekodi za mradi wake umeme ukakatika. Uliporudi, aliona kando ya faili lake kuna faili dogo ambalo jina lake linaishia na -journal. Hakukumbuka kuliunda, akadhani ni takataka, akalifuta. Hifadhidata haikufunguka tena, na mradi ulikuwa wa kukabidhiwa wiki hiyo. Faili lile dogo ndilo lililokuwa dawa. Kabla ya kubadilisha kurasa za hifadhidata, SQLite hunakili hali ya zamani kwenye faili la shajara. Kazi ikikatika katikati, hulitumia kurudisha data kama ilivyokuwa, mara tu unapofungua hifadhidata. Angelifungua faili lake kama kawaida bila kugusa kitu, data ya awali ingerudi.

Kwa hiyo usifute wala usihamishe faili linaloishia na -journal au -wal. Ukihamisha hifadhidata, hamisha na wenzake. Vilevile usichomoe flashi kabla ya kufunga programu.

Ukihisi faili lina kasoro, fuata hatua hizi:
1. Funga programu zote zinazolitumia.
2. Nakili faili pamoja na mafaili yake ya pembeni, ufanyie majaribio kwenye nakala.
3. Toa amri PRAGMA integrity_check. Jibu likiwa *ok*, muundo wa faili ni mzima.
4. Jibu likiorodhesha kasoro, rudi kwenye nakala rudufu. Kama huna, tumia amri .recover ya programu ya sqlite3 kuokoa rekodi zinazosomeka.

Ili kutengeneza nakala rudufu wakati hifadhidata inatumika, tumia amri .backup nakala.db. Kunakili faili kwa njia ya kawaida huku linaandikwa kunaweza kukupa nakala mbovu.

3. Makosa yasiyotoa ujumbe

Haya ni hatari zaidi, kwa sababu kompyuta hukaa kimya na wewe unaamini kazi ni sahihi.

Aina ya data. Ukihifadhi namba ya mtihani 0045 katika safu ya INTEGER, itabaki 45. Namba isiyofanyiwa hesabu, kama ya mtihani au ya simu, iweke katika safu ya TEXT. Aidha, SQLite hukubali maneno ndani ya safu ya namba. Tuseme alama za wanafunzi watatu ni 60, 80 na neno "hakufanya". Kitendakazi AVG huhesabu neno hilo kuwa 0, na wastani unakuwa 46.67. Ungeacha nafasi hiyo kuwa NULL, ingerukwa, na wastani ungekuwa 70. Kuanzia matoleo ya mwaka 2021, unaweza kuongeza neno STRICT mwishoni mwa amri ya kuunda jedwali ili SQLite ikatae data ya aina isiyofaa.

Ufunguo wa kigeni. Umeunganisha jedwali la mikopo na la wanafunzi, lakini bado unaweza kumwazima kitabu mwanafunzi asiyekuwepo. Kwa kawaida SQLite haikagui uhusiano huo mpaka uamuru PRAGMA foreign_keys = ON; na amri hii hutolewa kila unapofungua hifadhidata.

Kusahau COMMIT. Unaingiza rekodi kwa Python na unaziona. Kesho hazipo. Muamala haukukamilishwa. Andika commit() kabla ya kufunga.

4. Swali la mfano

Mkutubi anajaribu kuingiza rekodi ya kitabu. Kompyuta inaonyesha *database is locked*.
(a) Eleza sababu ya hitilafu hii. (alama 2)
(b) Taja hatua tatu za kuitatua. (alama 3)

Jibu
(a) Programu nyingine inaandika kwenye hifadhidata hiyo au ina muamala ambao haujakamilishwa (1). SQLite huruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja (1).
(b) Kuhifadhi au kutangua muamala ulio wazi (1). Kufunga programu nyingine inayotumia faili (1). Kuweka muda wa kusubiri kwa busy_timeout (1).

Zingatia: Jibu la "azime kompyuta na kuiwasha" halionyeshi kuwa unajua chanzo. Anza na sababu, kisha tiba.

5. Zoezi

1. Toa tofauti mbili kati ya SQLite na MySQL.
2. Mwanafunzi amekuta hifadhidata yake ina baiti 0. Eleza kilichotokea na afanye nini.
3. Kwa nini namba ya simu huhifadhiwa katika safu ya TEXT?
4. Umeme umekatika ukiingiza data. Unapowasha kompyuta unaona maktaba.db na maktaba.db-journal. Eleza utakachofanya, na usichopaswa kufanya.

Swali la 4 lijibu kwa vitendo kabla ya kukabidhi mradi wako: tengeneza nakala rudufu leo, uiweke mahali pengine, kisha uifungue kuhakikisha inasomeka.