Je, Wajua? Kinga Bila Kinga

Msomaji wa Mombasa au Unguja akisikia neno kinga, atafikiria chanjo, mwavuli au dua. Huku kwetu Congo, kinga ni baiskeli. Mtu wa Djugu akikwambia amepakia gunia la mihogo kwenye kinga yake na kushuka nalo Bunia, usidhani anasema kwa mafumbo. Sasa, upo mchezo mmoja ambamo kinga haina kinga yoyote: mbio za kushindana na saa.

Waendeshaji hawaondoki kwa kundi. Kila mmoja anateremka peke yake kutoka kwenye kijukwaa, mwenzake anafuata baada ya dakika moja au mbili, na aliyetumia muda mfupi kuliko wote ndiye mshindi. Katika mbio za kawaida, ujanja mkubwa ni kujibanza nyuma ya mgongo wa mtu ili yeye apasue upepo nawe ufaidi. Hapa ni marufuku. Hata ukimkamata aliyekutangulia, unampita kwa kumwachia mita 2 ubavuni, na baada ya kilomita moja yeye anatakiwa awe nyuma yako kwa mita 25 au zaidi.

Je, wajua kwamba mbio kubwa kuliko zote za aina hii zimewahi kufanyika jirani na Djugu? Tazama ramani: Kigali iko karibu kusini kabisa mwa Bunia, kama kilomita 390 ukipita angani. Huko ndiko yalikofunguliwa, tarehe 21 Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, kwa mara ya kwanza katika Afrika tangu yaanzishwe mwaka 1921. Wanaume walipewa kilomita 40.6. Ungetoka Bunia kuelekea kaskazini kwa umbali huo, ungekuwa umeshaiacha Iga Barrière nyuma, na kwa mtu mwenye gunia hiyo si kazi ya asubuhi moja. Mbelgiji Remco Evenepoel alitumia dakika 49 na sekunde 46. Piga hesabu: ni karibu kilomita 49 kwa saa, na vilima vya Kigali vimo humo humo.

Mchezo wenyewe ulikuwa kati yake na Tadej Pogačar wa Slovenia, ambaye miezi miwili kabla alikuwa ametwaa Tour de France kwa mara ya nne. Pogačar aliondoka dakika 2 na nusu mbele ya Evenepoel. Watu walisubiri waone nani atamshinda mwenzake kwa sekunde ngapi. Kwenye kilima cha mawe cha Kimihurura, zikiwa zimebaki kama kilomita 2 na nusu, Evenepoel alitokea nyuma yake, akampita. Kupitwa barabarani na mtu uliyemtangulia dakika 2 na nusu ni jambo ambalo bingwa wa Tour halizoei. Pogačar hakupata hata shaba: Jay Vine wa Australia alichukua fedha, na Mbelgiji mwingine, Ilan Van Wilder, akamzidi kwa sekunde kama moja tu. Pogačar alilipiza wiki moja baadaye. Aliwashinda wote katika mbio za kundi za kilomita 267.5, ambazo zilimalizwa na waendeshaji 30 tu.

Kilima kingine cha siku ile kiliitwa Côte de Péage, yaani mlima wa ushuru wa barabara. Sisi wa Ituri, tuliozoea péage na barrière za kila namna, tungeweza kuwapa waandaaji majina mengine mengi.

Si kila mtu alishangilia. Januari mwaka huohuo Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23 wanaoungwa mkono na Rwanda, na Februari Bunge la Ulaya lilitaka mashindano hayo yaondolewe Kigali iwapo Rwanda haitabadili mwenendo wake. Hayakuondolewa. Mcongomani aliyependa baiskeli alitazama kwa jicho moja la furaha na jingine la uchungu, wala sioni sababu ya kumlaumu.

Baiskeli na uchungu wa Congo, hata hivyo, vimejuana zamani. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyekuwa akiishi Belfast, alipata hataza ya tairi la kujazwa upepo. Wazungu wakaipenda baiskeli kupita kiasi, na mpira ukawa mali. Sehemu ya mpira huo ilitoka katika Congo ya mfalme Léopold wa Pili, ambako watu walilazimishwa kuugema msituni kwa mjeledi na kwa kushikiwa wake zao, mpaka mwaka 1908 nchi ilipoondolewa mikononi mwake. Ile miaka ambayo mbio za kushindana na saa zilikuwa zikizaliwa huko Ulaya ndiyo miaka hiyohiyo.

Zilizaliwa wapi? Uingereza, mwaka 1895, na kwa kujificha. Mashindano ya kundi barabarani yalikuwa yakiwaletea wapanda baiskeli ugomvi na polisi, kwa hiyo wakaanza kuachiana mmoja mmoja, alfajiri, wamevaa nguo nyeusi ili waonekane kama wapita njia. Njia zao hazikutajwa kwa majina bali kwa herufi na namba za siri. Mpaka leo Waingereza wanatumia namba hizo, ingawa hakuna tena polisi wa kuwakimbiza.

Je, wajua kwamba bingwa wa kwanza wa Olimpiki aliyeshinda barabarani kwa kushindana na saa alikuwa mtu wa Afrika? Stockholm, 1912. Waliachiwa kila baada ya dakika 2 kuanzia saa nane usiku, kulizunguka ziwa Mälaren, zaidi ya kilomita 310. Rudolph Lewis wa Afrika Kusini aliondoka miongoni mwa wa mwanzo kabisa, gizani, akakaa juu ya baiskeli saa 10 na dakika 42. Kuondoka mwanzo kulimpa barabara tupu na hewa tulivu, lakini hakuwa na wa kumwambia wenzake wanakwendaje. Vita vya Kwanza vya Dunia vilipozuka alipigana upande wa Ujerumani. Medali yake ni mojawapo ya zile ambazo Afrika huzisahau, labda kwa sababu ilikuwa Afrika ya Wazungu peke yao.

Na mwingine wa karibu zaidi: Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi, aliyefundishwa kupanda na David Kinjah wa Kikuyu. Mwaka 2006 alitaka kushiriki mashindano ya dunia ya vijana huko Salzburg chini ya bendera ya Kenya. Akajiandikisha mwenyewe, kwa kutumia barua pepe ya mkubwa wa chama cha baiskeli cha Kenya na kujifanya ndiye. Siku ikafika, akateremka kwenye kijukwaa, na kabla hajaenda mbali akamgonga ofisa wa mashindano, wote wawili chini. Kijana huyo alikuja kushinda Tour de France mara 4, na kupata shaba 2 za Olimpiki katika mbio hizihizi za saa, ila kwa Uingereza.

Saa haina huruma kwa mdogo wala mkubwa. Mwaka 1989 Laurent Fignon aliingia siku ya mwisho ya Tour de France akimzidi Greg LeMond sekunde 50. Zilibaki kilomita 24.5 tu za kwenda peke yake mpaka Paris. LeMond alivaa kofia ya kukata upepo na kuegemea usukani mrefu wa mbele. Fignon alipanda kichwa wazi, mkia wa nywele ukipepea. Alipoteza sekunde 58, na Tour nzima kwa sekunde 8.

Tangu hapo upepo unapimwa kama dhahabu ya Mongbwalu. Hata soksi zina sheria: zisivuke katikati ya kifundo na goti, maana kitambaa chake husaidia hewa kupita. Na baiskeli isiwe chini ya kilo 6.8. Bidoni moja ya maji ya lita 20, ile inayofungwa kwa mpira nyuma ya kinga sokoni Bunia, ina uzito wa baiskeli kama hizo karibu tatu.

Evenepoel sasa ana mataji 3 ya dunia mfululizo: 2023, 2024 na 2025. Fabian Cancellara na Tony Martin wana 4 kila mmoja. Mashindano ya 2026 yamepangiwa Montréal, Canada, na huko, kutoka Djugu, hakufikiki kwa kinga.