Je, Wajua? Kuku Walitangulia Kuchanjwa Korona

Je, wajua kwamba kirusi cha kwanza cha jamii ya korona kilitambuliwa kwa kuku? Mwanzoni mwa miaka ya 1930, huko Marekani, vifaranga walianza kuhema kwa shida na kukoroma. Ni mkamba wa kuku, ambao wafugaji wetu wanauita IB. Chanjo yake ilikuwa imeshaingia sokoni miaka ya 1950. Kwa hiyo mama yeyote wa kijijini aliyewahi kupanda treni na boksi la vifaranga wa kisasa, huenda alipakata abiria waliokwisha kuchanjwa korona wakati sisi hata barakoa hatuzijui.

Usichanganye na mdondo! Huo unafagia banda zima kwa siku chache, lakini kirusi chake ni cha ukoo mwingine. Chanjo ya I-2 inayouzuia inahimili joto, jambo kubwa kijijini kusiko na friji. Mshike kuku, mlaze kichwa upande, dondosha tone moja jichoni, na usimwachie mpaka apepese. Tone likiishia kwenye manyoya, umechanja manyoya. Rudia kila baada ya miezi mitatu.

Je, wajua aliyeitia dunia hofu ya korona kwenye bustani za wanyama? Ni Nadia, chui milia wa Bronx, New York, aliyekutwa na UVIKO-19 Aprili 2020. Walimshuku mhudumu aliyekuwa na virusi bila dalili.

Januari 2021 ikawa zamu ya sokwe wakubwa, yaani gorila, wa San Diego. Muda mfupi baadaye, bustani ya wanyama ya jiji hilo ikawachanja orangutani na bonobo, huyo wa pili akiwa mwana wa Kongo halisi. Chanjo hiyo haikuwa ya binadamu: kampuni ya Zoetis iliitengeneza kwa ajili ya wanyama, na mwaka huohuo ikatoa bure dozi zaidi ya 11,000 kwa bustani takribani 70 na taasisi nyingine za Marekani. Simba na chui milia wengi hawakufungwa kamba. Walikuwa wamezoeshwa kuegemeza ubavu kwenye wavu huku wakila kitoweo. Wapo watoto wanaowashinda kwa kelele zahanati.

Warusi nao walisajili chanjo yao ya wanyama, Carnivac-Cov, Machi 2021.

Je, wajua kwamba duma walipata balaa la korona yao mapema zaidi? Mwaka 1982 na 1983, korona ya paka iliua zaidi ya nusu ya duma wa hifadhi moja ya Oregon. Duma wanafanana mno kinasaba, hivyo kinachomwangusha mmoja huangusha wengi.

Serengeti, mwaka 1994, homa ya mbwa (siyo korona) iliua karibu theluthi ya simba, kama 1,000 hivi. Tangu hapo wanaochanjwa ni mbwa wa vijiji jirani, maana nani atamfuata simba porini na sindano?

Na ugonjwa usio na chanjo? Uulize kwenye njia ya zamani ya misafara ya biashara ya Unyanyembe. Mizigo ilibebwa mabegani mwa Wanyamwezi kwa sababu mbung'o waliwamaliza wanyama wa kubeba. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, haina chanjo hadi leo: kimelea chake hubadili koti kila mwili unapokitambua. Mfugaji bado anategemea dawa, josho na mitego ya mbung'o.