Kuongoza Mchezo wa Kisa Kilichoandikwa: Maandalizi ya Kiongozi Mpya wa Shamba Darasa

Katika Wilaya za Karagwe na Kyerwa, ambazo zilikuwa wilaya moja hadi mwaka 2012, kibanja cha migomba ndicho kinachoilisha familia mwaka mzima. Mwaka 2006 ilithibitika kwamba mnyauko bakteria wa migomba, uliokwisha kuonekana Uganda mwaka 2001, umeingia mkoani Kagera. Mgomba ulioshikwa hugeuka manjano na kunyauka, ndizi huiva kabla ya wakati wake na kuoza ndani, na shina likikatwa hutoa utomvu wa manjano. Ugonjwa huu hauna dawa, huzuiwa tu. Na kuuzuia si kazi ya mtu mmoja, kwa sababu panga lililokata mgomba mgonjwa huchukua bakteria hadi kwa jirani.

Mkulima anaweza kukariri kwamba panga lipitishwe motoni, na bado asifanye hivyo siku anapokuwa na haraka. Ndiyo maana katika shamba darasa, utaratibu wa kuelimisha wakulima ulioanzia Indonesia mwaka 1989 na kuenea hadi Afrika Mashariki, kuigiza nafasi ni miongoni mwa mbinu zinazotumika. Mshiriki mmoja huwa mwenye kibanja, mwingine kibarua, mwingine mpika rubisi, mwingine mwenyekiti wa kitongoji. Kila mmoja huelezwa hali ilivyo, kisha huamua mwenyewe atakalolitenda. Hakuna maneno ya kukariri kama katika tamthilia. Kiongozi ndiye anayetangaza matokeo ya kila uamuzi, mara nyingine kwa kurusha dadu pale penye bahati.

Kazi ya kiongozi huyo ina historia ndefu. Mwaka 1824 ofisa kijana wa Prussia, Georg von Reisswitz, alichapisha kanuni za mchezo wa vita wenye ramani, dadu na mwamuzi. Mwaka 1876 Julius von Verdy du Vernois alipendekeza kanuni nyingi ziachwe na mwamuzi atumie ujuzi wake. Mwaka 1974 Gary Gygax na Dave Arneson wa Marekani walitoa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza watu wa hadithi; na katika miaka hiyo hiyo ya 1970 vilianza kuchapwa visa vilivyoandikwa tayari, ili kiongozi asilazimike kutunga kila kitu.

Hesabu ya mapito

Kisa kilichoandikwa tayari humpunguzia kiongozi kazi, lakini humtega pia. Kiongozi mpya hujaribu kukihifadhi neno kwa neno, na mchezo ukianza tu mshiriki huuliza jambo lisilokuwamo. Hesabu ndogo yaonyesha sababu. Ikiwa kisa kina njia panda tano, na kila moja ina njia tatu, jumla ya mapito ni 3 × 3 × 3 × 3 × 3, yaani 243. Hakuna awezaye kuandaa mapito 243 kwa jioni moja. Lakini njia panda zenyewe ni tano tu, na sheria zinazotoa matokeo ni chache zaidi. Basi yampasa kiongozi ajifunze kile kinachozaa mapito, si mapito yenyewe.

Mambo manne ya kutayarisha

Chukua mfano wa kisa cha kubuni. Katika kijiji kimoja kando ya barabara ya Omurushaka hadi Murongo, kibarua amepogoa migomba katika kibanja chenye ugonjwa ambao bado haujaonekana. Kesho ameahidi kufanya kazi katika vibanja vingine viwili, na mwenye kimojawapo anajiandaa kwa harusi ya binti yake.

Kwanza, kiongozi asome kisa chote mara moja bila kalamu, kisha aseme kwa sentensi tatu jambo gani lilianza na nini kitatokea endapo hakuna atakayechukua hatua.

Pili, aandike kwenye karatasi moja kila mhusika anataka nini, anaogopa nini na anajua nini. Kibarua anataka kumaliza vibanja viwili kwa siku moja, na moto baada ya kila shina humchelewesha. Baba wa binti anaogopa wageni wasisikie kwamba migomba yake inaumwa. Kwa mistari hiyo miwili, kiongozi anaweza kujibu maswali mengi ambayo mwandishi wa kisa hakuyafikiria.

Tatu, aziwekee alama njia panda, na kwa kila njia aandike tokeo la karibu tu. Ya mbele zaidi yatategemea washiriki.

Nne, azijue barabara sheria za ugonjwa wenyewe. Bakteria husafiri kwa panga, kwa wadudu wanaotua kwenye ua dume la mkungu, na kwa machipukizi yaliyotolewa katika shamba gonjwa. Huzuiwa kwa moto au jiki, kwa kuvunja ua dume kwa kijiti chenye panda mara chane la mwisho linapotokea, na kwa kupanda machipukizi yaliyotoka katika shamba zima. Hapa kosa la kiongozi ni hatari, maana washiriki watarudi nalo nyumbani.

Hotuba za wahusika na sura za nyumba zao hazihitaji maandalizi. Kiongozi akikwama, na awaulize washiriki: jambo hilo lingefanywaje hapa kwetu? Wao wanaijua Nkwenda au Kayanga kuliko mwandishi wa kisa. Ila asimpe mtu nafasi inayofanana na mgogoro wa nyumbani kwake, mchezo usije ukawa aibu ya kweli.

Karatasi ya siri

Dalili za mnyauko huweza kuchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana. Kwa hiyo kiongozi huweka karatasi ya siri yenye ramani ya vibanja, na kila panga lisilopitishwa motoni linapotoka katika kibanja kigonjwa na kukata mgomba, hutia alama bila kusema neno. Mchezo huendelea, na washiriki hudhani wamesalimika.

Theluthi ya mwisho ya muda iachwe kwa mjadala. Karatasi ifunuliwe mezani, wote waone ugonjwa ulipopita wakati kila kibanja kilikuwa bado kijani. Swali la kwanza lisiwe nani mkosaji, bali ni katika njia panda ipi jirani angeweza kuambiwa mapema, na ni jambo gani lililomzuia mwenzake asiseme.