Mcheza Kwao Hutunzwa

Mwezi wa Septemba 2021, katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Toronto, nchini Kanada, ilioneshwa filamu ya Kiswahili iitwayo Vuta N'kuvute, iliyoongozwa na kijana wa Kitanzania, Ndugu Amil Shivji. Mwezi uliofuata ikaingia mashindanoni katika tamasha la FESPACO, mjini Ouagadougou. Mwaka 2022 Tanzania ikaiteua iiwakilishe katika kuwania Tuzo za Oscar, heshima ambayo kabla ya hapo iliwahi kupewa filamu moja tu ya kwetu, Maangamizi, mwaka 2001.

Hiyo ni fahari kubwa kwa taifa. Lakini wahenga walisema kuwa mcheza kwao hutunzwa. Basi hatuna budi kujiuliza: mchezo huu uliotunzwa ugenini, kwao ni wapi?

Kwao ni hapa Visiwani. Filamu imetokana na riwaya ya Bwana Adam Shafi, iliyotolewa mwaka 1999. Inasimulia habari za Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja, aliyeozwa mume mzee asiyempenda, akamkimbia, akapata hifadhi kwa rafiki yake Mwajuma, na hatimaye akakutana na Denge, kijana aliyejitosa katika harakati za kumwondoa Mwingereza. Ni Zanzibar ya miaka ya 1950. Funzo lake ni wazi: mkoloni hakupingwa na watu wa rangi moja wala wa tabaka moja, na aliyefungwa minyororo ya nyumbani naye alikuwa na uhuru wake wa kupigania.

Watazamaji wa Toronto waliifuata hadithi hii kwa kusoma tafsiri chini ya picha. Mzee wa Kojani asingehitaji hata herufi moja. Kuna neno litakalomchekesha kabla mgeni hajamaliza kulisoma, na kuna kimya atakachokielewa kwa sababu wakati ule yeye alikuwapo. Hata hivyo, Kojani hakuna jumba la sinema, na yale yaliyokuwako Wete na Chake Chake yalifungwa zamani. Wazee wenye kumbukumbu hizo wanapungua kila mwaka, na vijana wao wanaijua historia hiyo kwa hotuba zetu tu. Sisi makada tukiri: tumehutubia sana, tumeonesha kidogo.

Gharama yake si kubwa. Panatakiwa projekta, jenereta, shuka jeupe na mashua ya kuvushia vyombo. Wakati wake nao unajulikana: wavuvi wa Kojani, ambao huenda dago miezi kadhaa katika pwani za Bara na Kenya, hurejea makwao kwa sikukuu. Usiku mmoja wa siku hizo ungetosha.

Wako watakaosema kuwa filamu ina mapenzi yasiyolingana na mila zetu. Hoja hiyo isidharauliwe. Kojani ni watu wa dini, nasi tuliokalishwa chuoni tukiwa wadogo tunajua uzito wa neno la mwalimu. Dawa yake ni kuwatangulizia wazee na masheikh kuitazama, kisha wao wenyewe wakae mbele ya watu kuizungumza. Suala la binti kuozwa bila ridhaa yake, kwa mfano, lina majibu katika sheria ya dini, na pengine ni heri lijibiwe hadharani.

Aidha, kuna jambo la pili. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja cha mjini. Kipemba kilibaki midomoni mwa wenyewe. Mvuvi anayelala kambini ugenini, na mkewe anayevuka maji kwenda kulima na kulea peke yake, wana maisha yanayostahili filamu, na lahaja ya kuyasemea wanayo. Lakini nani atathubutu kuitunga hadithi hiyo ikiwa hajapata kuona lugha yake ikiheshimiwa juu ya kitambaa cheupe?

Kwa hiyo tunatoa wito kwa wahusika wa utamaduni na kwa wenye filamu: ipelekeni Vuta N'kuvute Kojani. Toronto wameshatoa tunzo yao. Iliyobaki ni ya wenyewe, nayo haitolewi kwa barua. Hutolewa ana kwa ana.