Redio ya Ridhaa Inapohamia Kwenye Programu

Wanaredio wa ridhaa ni watu waliopewa leseni na serikali kuwasiliana hewani kwa ajili ya kujifunza na kufanya majaribio, bila malipo. Kwa miongo mingi, ubora wa vyombo vyao ulitegemea kilichomo ndani ya sanduku: vali, baadaye transista, koili zilizozungushwa kwa mkono, na fuwele zilizochongwa ili zipitishe masafa yanayotakiwa na kuzuia mengine. Aliyetaka redio bora alinunua sanduku jingine, tena kwa bei kubwa. Leo sehemu kubwa ya kazi hiyo inafanywa na hesabu, na idadi ya wanaoweza kuimudu imeongezeka mno.

Namna inavyofanya kazi si ngumu kuelewa. Redio ya Icom IC-7300, iliyoingia sokoni mwaka 2016, hulipima wimbi linalotoka kwenye antena zaidi ya mara milioni 120 kila sekunde, na kila kipimo kinakuwa namba. Wimbi likipimwa kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa, taarifa zake zote hubaki ndani ya namba hizo. Kuanzia hapo kuchuja, kutenganisha vituo na kutoa sauti ni kazi ya programu. Kazi iliyohitaji fuwele ya gharama sasa inafanywa na fomula, na fomula hubadilishwa bila kufungua hata skrubu moja.

Mwaka 2012 mabadiliko haya yalimfikia asiye na fedha nyingi. Waandishi wa programu walionyesha kwamba chipu ya RTL2832U, iliyotengenezwa kwa ajili ya kutazama televisheni ya kidijitali kwenye kompyuta, inaweza kuamriwa itoe namba ghafi za mawimbi badala ya picha. Kijiti chenye chipu hiyo kiliuzwa kwa takribani dola 20. Kikichomekwa kwenye kompyuta, kinasikia masafa kuanzia megahezi 24 hadi zaidi ya 1,700: satelaiti za hali ya hewa, taarifa za mahali zinazorushwa na ndege, na mazungumzo ya wanaredio wenyewe.

Hatua nyingine ilikuja mwaka 2017 kwa mfumo wa FT8, kazi ya Wamarekani Joe Taylor na Steve Franke. Taylor ni mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993 kwa utafiti wa nyota zinazotoa mapigo hafifu ya redio, na ujuzi wa kunasa kilicho hafifu unaonekana katika FT8. Vituo hupokezana kila sekunde 15, vikitumia milio minane katika upana wa hezi 50, wakati sauti ya kawaida huhitaji hezi zipatazo 2,500. Ujumbe ni mfupi: jina la kituo, mahali kilipo, na jinsi kinavyosikika. Lakini kompyuta huusoma hata pale kelele katika upana huo wa hezi 2,500 ina nguvu mara 100 kuliko ishara yenyewe. Wenye redio za zamani hawakulazimika kununua nyingine. Waliziunganisha na kompyuta tu.

Kwa Afrika Mashariki, fursa iliyo karibu zaidi iko angani. Novemba 2018 ilirushwa satelaiti ya Qatar iitwayo Es'hail-2, ikiwa imebeba pia mitambo ya wanaredio wa ridhaa inayojulikana kama QO-100. Imetulia takribani kilomita 36,000 juu ya Ikweta, nyuzi 26 Mashariki, karibu na usawa wa Kisangani, na inahudumia Afrika nzima, Ulaya, Mashariki ya Kati na India. Dishi likishaelekezwa kwake haliguswi tena. Kutoka Dar es Salaam linatazama juu kwa zaidi ya nyuzi 70, hivyo ghorofa la jirani au mwembe wa uani si kizuizi kikubwa.

Fundi yeyote wa madishi anavifahamu vifaa vyenyewe. Satelaiti inarusha kwenye megahezi 10,489; LNB ya kawaida, yaani kipokezi kilicho mbele ya dishi, hutoa humo 9,750, na zinazobaki, takribani 739, zimo ndani ya uwezo wa kile kijiti cha dola 20. Jambo la kuangalia ni kwamba LNB hulishwa umeme kupitia waya uleule wa antena, kwa hiyo lazima kiwepo kifaa cha kuzuia volti hizo zisikifikie kijiti. Anayetaka kujibu hurusha kwenye megahezi 2,400, wati chache tu kwenye dishi, akiwa na leseni.

Hata hivyo, hesabu haijaifuta fizikia. Antena ya nusu wimbi kwa megahezi 14 bado inataka waya wa mita 10 hivi. Kilichobadilika ni upimaji: NanoVNA, kipimo kidogo kilichoenea tangu 2019 kwa takribani dola 50, huonyesha antena inapokea nguvu katika masafa gani na inairudisha katika yapi. Kwa upande mwingine, taa za LED za bei rahisi, chaja na vigeuzi vya umeme wa jua vinamwaga kelele mitaani, na programu bora kabisa haiwezi kuifuta yote.

Swali zito la miaka ijayo ni nani atakayeshika programu hizi. Redio ya miaka ya 1960 yenye mchoro wa saketi inaweza kufufuliwa na fundi hodari. Redio ambayo programu yake imefungwa haina mtetezi siku kiwanda kinapoitelekeza. Ndiyo maana naithamini kazi ya Ashhar Farhan wa Hyderabad, India, aliyebuni redio za BITX kwa vipuri vya kawaida na kuziweka wazi kwa umma. Naithamini pia ya David Rowe wa Australia, aliyeandika Codec 2, programu huria ya kubana sauti, na sasa anatumia akili bandia kusafirisha usemi safi katika masafa yenye kelele. Kazi hizo zinaruhusu mtu asome, atengeneze na aboreshe.

Anayetaka kuanza anunue kipokezi kwanza, asikilize, kisha aombe leseni: kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) nchini Tanzania, au Mamlaka ya Mawasiliano nchini Kenya. Leseni ina sababu yake: redio nafuu za mkononi zinaweza kupangwa zirushe hata kwenye masafa ya vyombo vya dharura, na kosa moja laweza kugharimu maisha ya mtu. Vyuo vyetu vya ufundi navyo viifundishe redio hii mpya, na wanaoijua waandike miongozo yake kwa Kiswahili. Vifaa vimeshuka bei. Maarifa nayo yapatikane kwa lugha ambayo fundi anafikiria kwayo anapokuwa kazini.