Jiko Lile Lile, Hewa Nyingine

Mpangaji wa Sinza, Dar es Salaam, hana ruhusa ya kubomoa ukuta. Sinki limejengewa kwenye kona yake, bomba la maji machafu limezikwa chini ya sakafu, dirisha pekee linatazama uchochoro, na mlango unafungukia sebuleni. Hata mwenye nyumba yake mwenyewe, akishatajiwa na fundi gharama ya kuhamisha bomba na nyaya za umeme, mara nyingi huona bora kila kitu kibaki kilipo. Fedha inahamia kwenye vinavyoonekana: kabati mpya, marumaru za kung'aa, kaunta ya granaiti. Miaka miwili haipiti, kabati zimevimba kwa chini, rangi inabanduka juu ya jiko, na marumaru zimeshika utando wa mafuta usiosikia sabuni.

Lawama zote humwangukia fundi, na wakati mwingine anastahili. Ila liko jambo ambalo hata fundi hodari halizuii kwa msumari na gundi. Jikoni ni chumba kinachopokea moto, mvuke, mafuta na moshi kila siku, na vyote hivyo lazima viende mahali. Visipotoka nje vitaingia ukutani, kabatini na kifuani mwa mpishi. Anayetaka kulifanya jiko lake jipya bila kugusa mpangilio aulize kwanza vinakwenda wapi, ndipo aende dukani kuchagua rangi.

Tuanze na sufuria ya maharage. Kupasha lita moja ya maji kutoka nyuzijoto 25 hadi 100 kunahitaji kilojuli 314 hivi. Maji yakishachemka, moto unaozidishwa hauyapandishi hata nyuzi moja. Unayageuza mvuke tu, na kazi hiyo inakula kilojuli 2,257 kwa kila lita, yaani zaidi ya mara saba ya nishati iliyoyafikisha kwenye mchemko. Maharage hayanufaiki na moto huo. Yanaiva kwa joto lile lile la nyuzi 100, yawe yanatokota polepole au yanafurika hadi kuzima jiko. Kwenye jiko la gesi linalofikisha nusu ya joto lake ndani ya sufuria, kila lita inayopotelea hewani imekula karibu gramu 100 za gesi. Kwa hesabu hiyo, mtungi wa kilo 6 ungeisha wote kwa kugeuza mvuke ndoo tatu tu za lita 20.

Na lita hiyo haijaishia kwenye bei ya gesi. Ikigeuka mvuke inajaza nafasi ya zaidi ya lita 1,600, kisha inatafuta pa kupoa: kioo cha dirisha, ukuta wa nje, upande wa chini wa kabati za juu. Hapo inarudi kuwa maji, ikiwa imebeba chembe za mafuta ya kukaangia. Ukungu mweusi wa kwenye pembe za dari unaishi kwa unyevu huo. Kwa hiyo mfuniko unaokaa sawasawa juu ya sufuria ni ukarabati wa nyumba, na nadhani ndio wa bei nafuu kuliko wote.

Sufuria ya presha inafanya zaidi ya hapo. Kwa kuubana mvuke, inapandisha kiwango cha mchemko hadi karibu nyuzi 120, na nafaka ngumu hulainika haraka kadiri joto linavyopanda. Wakazi wa Nairobi wana sababu ya ziada ya kuipenda: mji wao uko mita zipatazo 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, kwa hiyo maharage hukawia kuliko Mombasa. Ile ya umeme inajizuia yenyewe: ikifikia presha yake inakata umeme, na inaurudisha kwa vipindi vifupi tu. Haihitaji kuhamishiwa ukuta wala bomba. Inahitaji soketi nzima na waya wenye unene unaostahili, na hapo fundi umeme aitwe. Waya mwembamba wa kurefushia uliochomekewa presha, birika na friji kwa pamoja unapata moto, na plastiki yake inayeyuka.

Sasa kabati. Mbao za MDF ni nyuzi za miti zilizosagwa na kushindiliwa kwa gundi, halafu zikavalishwa ngozi ya plastiki. Ngozi hiyo haipitishi maji. Udhaifu uko pale ilipokatwa: tundu la sinki, matundu ya bawaba, na ukingo wa chini unaogusa sakafu inayodekiwa kila asubuhi. Fundi hubandika utepe kwenye kingo zinazoonekana mbele, na zile za nyuma na za chini akaziacha uchi. Lala chali chini ya sinki lako kwa tochi ya simu uangalie. Ukiona ukingo wa rangi ya kahawia wenye manyoya, ndipo maji yanapoingilia. Zile nyuzi zilizoshindiliwa zikilowa hujirudishia unene wake, na hata zikikauka hazishuki tena. Tiba yake haina fahari yoyote: subiri siku kavu, paka vanishi ya mafuta kwenye kila ukingo ulio uchi, ziba mzingo wa sinki kwa silikoni, na inua kabati juu ya miguu ya plastiki. Kabati iliyokwisha kuvimba haiponi. Badilisha ubao wa chini peke yake, usishawishiwe kununua seti nzima.

Mvuke hauui, ila hewa ya jikoni inaweza kuua. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, na zaidi ya 237,000 kati yake vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Wahusika wakuu ni chembe za masizi zenye upana wa chini ya maikromita 2.5. Unywele wa mtu una maikromita 50 hadi 70, hivyo chembe hizo hazinaswi puani wala kooni. Zinashuka hadi kwenye vifuko vya mapafu na nyingine zinavuka kuingia kwenye damu. Tanzania ilizindua mwaka 2024 mkakati wake wa kitaifa wa nishati safi ya kupikia, wenye shabaha ya kufikia asilimia 80 ya wananchi ifikapo 2034. Ni shabaha njema. Lakini katika nyumba nyingi za mjini gesi haijaufukuza mkaa. Vinaishi pamoja, gesi kwa chai na mkaa kwa maharage na makande.

Mkaa una hila yake. Watu huingiza jiko la mkaa ndani moshi ukishakatika, wakiamini hatari imepita. Tazama kwa karibu rundo la mkaa uliokolea: juu yake hucheza ndimi ndogo za buluu. Hiyo ni kaboni monoksidi inayowaka. Hewa inayoingia kwa chini hukutana na mkaa na kutoa kaboni dayoksaidi. Gesi hiyo ikipenya tabaka la juu lenye moto mkali, inachukua kaboni nyingine na kugeuka kaboni monoksidi. Ndimi za buluu zikizimika, gesi hiyo inatoka bila kuungua. Haina rangi wala harufu, na inaing'ang'ania hemoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kichwa kinauma, usingizi unakuja. Jiko la mkaa halilazwi ndani hata usiku wa mvua na baridi, na sioni namna ya kulainisha sentensi hii.

Wajenzi wa Lamu walilitatua suala la moshi zamani: katika nyumba za mawe za mji ule, jiko lilipandishwa juu kabisa, darini, likaezekwa makuti, moshi na joto vikaondoka bila kupita vyumba vya watu. Mpangaji wa ghorofa ya tatu hana dari hilo. Anachoweza kutumia ni kanuni ile ile. Hewa ya moto ni nyepesi, hupanda. Ikipata tundu la juu inatoka, na hewa baridi huingia kwa tundu la chini kuchukua nafasi yake. Matundu hayo yakiachana zaidi kwa kimo, mvuto unaongezeka. Dirisha moja peke yake hujaribu kufanya kazi zote mbili, hewa ikitoka kwa juu na kuingia kwa chini, lakini kimo chake ni kidogo na mvuto wake hafifu. Mwombe mwenye nyumba akuruhusu kuondoa kipande cha kioo cha juu na kuweka wavu au feni ya kutolea hewa. Hewa ya kuingia ipatikane kwa chini ya mlango, upande wa pili, ili ikipita ilifagie jiko. Feni iliyofungwa kwenye chumba kilichozibwa kila upande inazunguka tu, maana haina cha kuvuta. Wale wanaouziwa kofia za kisasa za juu ya jiko zisizo na bomba la kutoka nje wajue kwamba zinachuja mafuta na kurudisha mvuke na kaboni monoksidi ndani.

Tundu la chini lina kazi ya pili. Gesi ya mtungi ni mchanganyiko wa propani na butani, zote nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani mara mbili. Ikivuja haipandi, inatambaa sakafuni na kukusanyika kwenye kabati ambamo mtungi umefichwa ili jiko lipendeze. Kama mtungi wako umo kabatini, toboa matundu kwenye sehemu ya chini kabisa ya mlango wa kabati hilo, wala usiuweke jirani na soketi.

Rangi inakuja baada ya hayo. Ukuta uoshwe kwanza, kwani rangi haishiki juu ya mafuta. Maji ya moto yenye magadi yanatosha: magadi ni alikali, nayo hugeuza sehemu ya mafuta kuwa sabuni papo hapo. (Yasimwagikie sufuria za alumini, yanazila.) Juu ya jiko tumia rangi ya mafuta inayofutika, nyeupe au karibu na nyeupe, ambayo itarudisha mwanga badala ya kuumeza. Taa nayo isogezwe. Balbu ya katikati ya dari iko nyuma ya mgongo wako unapokata vitunguu, na kivuli chako kinaangukia kisu. Taa ndogo ya LED ikifungwa chini ya kabati ya juu, nusu mita kutoka kwenye kibao badala ya mita moja na nusu, huleta mwanga mara tisa ya ule ambao ingeuleta kutoka mbali.

Limebaki suala la kimo, ambalo wauza kaunta hawalitaji kabisa. Mwaka 1926 msanifu wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko la Frankfurt kwa nyumba za wafanyakazi wa Ujerumani. Yalijengwa yapata 10,000, kila moja chumba cha mita 1.9 kwa 3.4, ufinyu ambao mpangaji wa Dar es Salaam anaujua vizuri. Mle ndani aliweka kiti cha kuzunguka, mpishi afanye kazi nyingine akiwa amekaa. Dunia ilichukua kaunta, kiti ikakiacha. Nchini Marekani mhandisi Lillian Gilbreth alisisitiza katika miaka hiyo hiyo kwamba kimo cha meza kimfuate anayeitumia.

Kaunta za dukani ni sentimita 90. Mwanamke wa sentimita 155 ana kiwiko kwenye 97 hivi, kwa hiyo kukata mboga juu ya kaunta hiyo kunavumilika. Kusonga ugali ni kazi nyingine. Weka jiko la mezani lenye kimo cha sentimita 10, juu yake sufuria ya 18: mdomo wa sufuria umefika 118, kifuani mwake, na mwiko unasimama juu zaidi. Ugali husongwa kwa uzito wa mwili unaoshuka. Kwa kimo hicho anasonga kwa mabega peke yake, kisha tunashangaa mama analalamika shingo. Bibi aliyesonga kwenye jiko la chini, sufuria ikiwa imebanwa kwa vishikio, alikuwa na fizikia upande wake, hata kama mgongo ulimdai. Suluhisho ni stendi ya chuma ya sentimita 60, pale pale jiko lilipo, mpira ule ule wa gesi, na mdomo wa sufuria ukashuka hadi 88. Penye mtoto anayetambaa au anayeanza kusimama, subiri akue kwanza. Maji ya moto kwenye kimo chake ni hatari kubwa kuliko shingo ya mpishi.

Friji haitaki mengi: iachiwe nafasi nyuma ipumue, isibanwe na jiko, na vumbi la koili lifutwe.

Kabla hujanunua hata kimoja kati ya hivi, leo jioni changanya sabuni na maji kidogo, fungua valvu ya mtungi bila kuwasha jiko, na upake povu kwenye regulata, kwenye mpira wote na pale mpira unapoingia kwenye jiko. Povu likianza kuvimba, funga valvu, fungua milango na madirisha, usiguse swichi yoyote ya taa, na mpira huo usiutumie tena.